Kipimo cha Mwili Kabla ya Safari

Msomaji, ukisimama Kiboko alfajiri ya siku isiyo na mawingu, ukaipa mgongo barabara kuu iendayo Mombasa na kutazama upande wa kusini, utaona kando ya vilima vya Chyulu kitu cheupe kinachoelea juu ya nyika. Mgeni hudhani ni wingu. Mwenyeji ajua kuwa ni Kibo, kilele kikubwa cha Kilimanjaro, na kwamba kati yake na chemchemi za Kiboko pana kilomita zipatazo 100 tu. Weupe huo umepungua sana, kwani barafu iliyopimwa mwaka 1912 imekwisha kuyeyuka kwa zaidi ya asilimia 80. Lakini kimo cha mlima hakikupungua. Kiboko iko kama mita 1,000 juu ya bahari. Kilele kile kiko mita 5,895.

Swali la insha hii latokana na tofauti ya namba hizo mbili. Kijana akitaka kutoka kimo cha kwanza na kufika cha pili, atakiwa awe na mwili wa namna gani? Na ni nani aliye na haki ya kumpima, akasema huyu aende na yule abaki? Usidhani kuwa swali hili ni la juzi. Lina historia ndefu, na sehemu kubwa ya historia hiyo ilipita katika njia hii hii ya Kiboko.

Kabla ya shule kujengwa Ukambani, swali lilikuwa na jibu lake la nyumbani. Mtoto aliyechunga mbuzi kutwa nzima katika jua, akawafuata hadi mtoni na kuwarudisha, alikuwa amekwisha kupimwa kabla ya mtu yeyote kufikiri kumpima. Juu ya hayo palikuwa na nzaiko, yaani mafunzo ya kuingia utu uzima. Profesa John Mbiti, mzaliwa wa Kitui, aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1969 juu ya nzaiko ya pili, ambayo vijana walitengwa na kijiji kwa siku kadhaa. Siku mojawapo walikabiliwa na dubwana lililoitwa mbavani, yaani kifaru. Lilikuwa umbo la miti na vijiti tu, na ndani yake mtu akitoa ngurumo za kutisha. Lakini kijana hakulijua hilo, naye alitakiwa alikabili.

Litazame vizuri jaribio hilo, msomaji, maana lina mambo mawili ambayo baadaye yalisahauliwa kwa muda mrefu. La kwanza, halikupima misuli. Lilipima moyo wa mtu aliye katika hofu. La pili, wavulana na wasichana wote walipelekwa mbele ya mbavani. Tena wazee waliosimamia walimjua kila mtoto tangu alipozaliwa: walijua ni nani alikohoa usiku, na ni nani aliyeugua mwaka uliopita. Hawakuhitaji cheti cha daktari kwa sababu wao wenyewe walikuwa cheti.

Kisha kikaja kipimo cha pili, nacho kilikuwa kipimo cha bega. Wafanyabiashara wa Kikamba walikuwa wakichukua pembe za ndovu kutoka bara hadi Mombasa, safari ya majuma mengi katika nchi kavu. Mashuhuri wao alikuwa Kivoi wa Kitui, ambaye mwaka 1849 alimpokea mmisionari Ludwig Krapf; na ilikuwa huko, tarehe 3 Desemba, Krapf alipouona Mlima Kenya. Misafara ya watu wa pwani ilipoongezeka katika karne ile, desturi ya mzigo ikawa moja karibu kila mahali: mpagazi alibeba kama kilo 30, mbali na chakula chake na mkeka wake. Hakuulizwa ana afya gani. Aliuinua mzigo au hakuuinua, basi. Aliyeuinua aliandikwa. Jina la mahali hapa, Kiboko, ni la mnyama wa mtoni. Lakini katika Kiswahili jina hilo hilo ni la mjeledi uliokatwa katika ngozi yake, na hapana shaka wapo wapagazi walioujua mjeledi kuliko walivyomjua mnyama.

Reli iliyoanzwa Mombasa mwaka 1896 ilipita katika nchi hii na kufika Nairobi mwaka 1899, na watu wakadhani kuwa kazi ya bega imekwisha. Haikuisha. Vita vilipoanza mwaka 1914 baina ya Waingereza na Wajerumani, majeshi yaliingia mahali pasipokuwa na reli wala barabara, na kila risasi na kila kibaba cha unga kilibebwa na mtu. Wapagazi walikusanywa kwa mamia ya maelfu, na wengi wao hawakukusanywa kwa hiari. Ukambani ulitoa watu wake kama nchi nyingine za Kenya. Walikufa zaidi ya 90,000, na wengi wao hawakuuawa na adui. Waliuawa na kuhara, malaria na nimonia. Watu wa milima ya baridi walipelekwa kwenye mabonde ya homa, na watu wa joto wakalala kwenye mvua bila ya blanketi la kutosha; waliozoea viazi na ndizi walipewa unga wa mahindi wasioujua, na mara nyingi haukuiva. Majina ya Kariakor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam ni kumbukumbu ya kikosi hicho.

Nimelikalia jambo hili kwa makusudi. Vijana husoma habari za safari za milimani na kuona kwamba hazina uhusiano wowote na wapagazi wa vita. Uhusiano upo. Katika vita vile ilionekana, kwa gharama isiyosemeka, kwamba mtu mwenye nguvu akitolewa ghafula katika hewa yake, chakula chake na maji yake, nguvu zake haziwezi kumwokoa. Mwili wataka muda wa kuzoea. Ukweli huu utaukuta tena mlimani.

Huko Uingereza nako watu walikuwa wakisumbuliwa na swali la mwili, ingawa kwa sababu nyingine. Vita vya Makaburu vilipoanza mwaka 1899, vijana wa miji ya viwanda walikwenda kujiandikisha jeshini, na katika mji wa Manchester kama theluthi mbili yao walikataliwa kwa udhaifu. Taifa lililojidai kuwa na nguvu lilitahayari. Robert Baden-Powell, jemadari aliyerudi kutoka vita hivyo, aliwapeleka wavulana kambini katika kisiwa cha Brownsea mwaka 1907, na huo ukawa mwanzo wa skauti. Kenya iliwapokea skauti mwaka 1910, na Baden-Powell mwenyewe alifariki Nyeri mwaka 1941, ambako amezikwa.

Katika masharti yake ya kwanza limo moja ambalo nalipenda kuliko yote. Skauti alitakiwa aende maili 1, yaani kilomita 1.6, kwa dakika 12, akikimbia hatua 50 na kutembea hatua 50, hivyo hivyo mpaka mwisho. Mkimbiaji hodari aweza kucheka, kwa kuwa dakika 12 ni nyingi. Lakini sharti halikuwa la mashindano. Mjumbe anayefika akianguka na kuhema hana faida. Afaa yule anayefika akiwa na pumzi ya kutoa habari yake na miguu ya kurudi. Hapa kwa mara ya kwanza, katika safu hii ya vipimo vya kigeni, twaona kipimo kinachomtaka kijana ajue kuzitunza nguvu zake.

Mtu aliyelichukua wazo hilo mbele zaidi alikuwa Kurt Hahn, mwalimu Mjerumani wa ukoo wa Kiyahudi. Alimpinga Hitler waziwazi, akafungwa mwaka 1933, kisha akakimbilia Uingereza na kuanzisha shule ya Gordonstoun, Uskochi, mwaka 1934. Vita vya Pili vilipopamba moto, meli za biashara zilizamishwa katika Bahari ya Atlantiki, na mabaharia wakabaki katika mashua ndogo wakingoja kuokolewa. Lawrence Holt, mwenye meli, aliona jambo la ajabu: mabaharia vijana, wenye miili mizuri, walikata tamaa na kufa, hali wazee wenye mvi waliendelea kuishi. Kama nguvu za misuli ndizo zingekuwa kipimo, mambo yangekuwa kinyume. Mwaka 1941 Hahn na Holt walifungua shule ya Outward Bound huko Aberdovey, Wales, ili kijana ajifunze mambo ambayo mzee wa bahari aliyajua.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 shule ya namna hiyo ilifunguliwa katika Afrika Mashariki, nayo ilikuwa karibu nawe, msomaji wa Makueni. Toka Kiboko ushike barabara ya Nairobi, upite Simba ufike Emali. Hapo upinde kushoto, ukate nchi ya Wamaasai mpaka Loitokitok, chini ya mlima, upande wa Kenya. Vijana wa makabila mbalimbali walikutana pale. Walifanya mambo yaliyokuwa desturi ya shule za Outward Bound kila mahali: mbio za alfajiri, maji baridi, kupanda kwa kamba, kusoma ramani, kumbeba majeruhi, kulala nje. Mwisho wa mafunzo walipanda Kilimanjaro. Hata leo, upande wa mashariki wa Kibo, mita 4,750 juu ya bahari, kuna banda la wapandaji liitwalo School Hut, ambalo zamani liliitwa kwa jina la shule hiyo.

Hekima ya mpango ule haikuwa katika ukali wake. Wako watu wanaokumbuka maji baridi tu, wakadhani kuwa maji baridi ndiyo elimu. Hekima ilikuwa katika mpangilio wa siku. Kijana aliishi kwanza chini ya mlima, katika kimo cha zaidi ya mita 1,600; akatembea matembezi mafupi, kisha marefu; akabeba mzigo mdogo, kisha mkubwa zaidi; na mlima ulikuja mwisho. Kwa hiyo hakutakiwa afike akiwa bingwa. Alitakiwa awe mzima, na awe tayari kujengwa.

Miaka michache baadaye milima ya Afrika Mashariki ilipata utukufu mpya. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, Luteni Alexander Nyirenda aliufikisha Mwenge wa Uhuru juu ya Kilimanjaro. Tarehe 12 Desemba 1963, Kisoi Munyao, mwana wa Ukambani, aliipandisha bendera ya Kenya juu ya Mlima Kenya. Watoto wa shule walizisikia habari hizo wakasisimka, na ilikuwa haki yao. Lakini katika masimulizi mengi lilibaki neno ushujaa peke yake. Lilisahauliwa kwamba mmoja alikuwa askari aliyefunzwa, na mwingine mpandaji aliyeijua milima. Shujaa asiyejiandaa hutafutwa na wenziwe kwa taa usiku.

Sasa na tuseme juu ya mlima wenyewe. Hewa ya kileleni ina uzito upatao nusu tu ya uzito wa hewa ya pwani. Kwa hiyo kila pumzi uvutayo huko yakupa nusu ya oksijeni uliyoizoea. Mwili hujitahidi: pumzi huenda mbio, moyo hupiga kwa kasi, na baada ya siku kadhaa damu nayo huanza kubadilika ili ichukue oksijeni zaidi. Kazi hiyo haiharakishwi kwa mazoezi. Madaktari wameichunguza kwa miaka mingi, na wameona kwamba mwenye mwili wa riadha aweza kupata ugonjwa wa kimo sawasawa na mwenziwe asiyekimbia kabisa. Pengine yeye yumo hatarini zaidi, kwa sababu miguu yake yamruhusu kupanda upesi kuliko mapafu na ubongo wake uwezavyo kuzoea. Ndiyo maana ushauri wa sasa ni kwamba mtu akishapita mita 3,000 asilale kila usiku zaidi ya mita 500 juu ya alipolala jana, na apumzike siku nzima kila baada ya siku tatu au nne. Waongozaji wa Kilimanjaro walilisema jambo hilo zamani kwa neno moja, polepole, na kila mgeni hulijifunza hata kama hajui neno lingine la Kiswahili.

Je, mazoezi hayana maana? Yana maana kubwa, ila si ile inayodhaniwa. Aliyejizoeza kutembea hachoki upesi. Asiyechoka hula, hunywa maji, huvaa koti lake kabla ya kutetemeka, na humwona mwenziwe anayebaki nyuma. Aliyechoka kupita kiasi hayafanyi hayo, na matatizo mengi ya safari huanzia hapo. Kijana wa Kiboko hahitaji vyombo vya gharama. Miezi mitatu ya kutembea, mara tatu au nne kwa juma, kwanza mikono mitupu kisha na mzigo, kwenye vilima pale vilipo, itamfaa kuliko juma moja la kukimbia kwa pupa. Juu ya mzigo, kanuni ya safari nyingi za vijana ni kwamba usizidi robo ya uzito wa mbebaji. Yaani kijana wa kilo 52 asipewe zaidi ya kilo 13. Ulinganishe na kilo 30 za mpagazi wa zamani. Hata wapagazi wa Kilimanjaro wa siku hizi, ambao ndio kazi yao, wamewekewa mpaka wa kilo 20 za mzigo wa wageni.

Mwaka 1956 Uingereza ilianzisha tuzo la vijana lililotokana na mawazo ya Hahn, chini ya Mtawala wa Edinburgh. Kenya ikalichukua mwaka 1966 kwa jina la Tuzo la Rais. Kijana aweza kuanza akiwa na miaka 14, na kupanda daraja tatu, Shaba, Fedha na Dhahabu. Safari ya Shaba ni siku mbili na usiku mmoja. Ya Dhahabu ni siku nne na mausiku matatu. Kuhusu mazoezi ya mwili, mpango huu uliweka jambo ambalo lingemshangaza mwenye msafara wa zamani: hakuna alama moja ambayo wote ni lazima waifikie. Kijana hupimwa kwa bidii yake na maendeleo yake mwenyewe katika muda uliowekwa, ambao kwa Dhahabu ni mwaka mzima. Mwenye ulemavu hukubaliwa, na safari yake hupangwa kulingana na uwezo wake. Wasichana huandikwa pamoja na wavulana, kama ilivyokuwa mbele ya mbavani.

Wako wanaolaumu mpango huu kwamba umelegeza kamba. Mimi siwaungi mkono. Kipimo kimoja kwa wote ni rahisi kwa mpimaji, wala hakimwambii kama huyu aliyepita anajua kusema amechoka.

Na hapa ndipo penye hatari iliyo kubwa kuliko udhaifu wa misuli. Karatasi ya daktari inayotakiwa kabla ya safari yauliza mambo machache: una pumu? Umepata kuzimia? Una kifafa? Wanywa dawa gani? Kuna mtu katika jamaa yenu mwenye ugonjwa wa selimundu? Swali hili la mwisho lina uzito wa pekee katika Afrika Mashariki, hasa kwa watu wa pwani na wa nchi za Ziwa Victoria, ambako malaria imekaa kwa vizazi vingi. Mwenye ugonjwa huo hapaswi kupelekwa katika hewa nyembamba. Hata yule aliyerithi chembe yake kwa mzazi mmoja tu, ambaye huishi bila ya kuugua na pengine hajijui, aweza kuumia bandama akifika juu sana. Afadhali apimwe damu na kushauriwa mapema. Lakini kijana aliyekwisha kulipiwa nauli, ambaye darasa zima limemwaga kwa shangwe, huona haya kuandika ndiyo. Huandika hapana. Kijembe cha kuvutia dawa ya pumu hukificha chini ya nguo mfukoni, mahali ambapo kiongozi wake hatakijua mpaka usiku ule kitakapohitajiwa.

Mwalimu anayempa kijana karatasi hiyo na kumwambia aijaze upesi kabla ya kengele ana sehemu katika uongo huo. Karatasi yafaa ijazwe nyumbani, na mzazi akiwapo, baada ya kijana kuhakikishiwa kwamba pumu iliyotajwa na yenye dawa yake si lazima imzuie kwenda. Wako wenye pumu wengi waliofika kileleni. Iliyofichwa ndiyo ya kuogopwa. Wazee wa nzaiko walimjua kila mtoto. Kiongozi wa leo apokea vijana ishirini asiowajua, naye hana njia ya kuwajua ila kinywa chao.

Kwa sababu hiyo, kiongozi mwangalifu haamini karatasi peke yake. Jioni, katika banda lililo mita 4,750, kabla vijana hawajalala saa chache za mwisho, huwatoa nje mmoja mmoja. Huchora mstari mchangani. Humwambia kila mmoja autembee hatua kumi, kisigino cha mguu mmoja kikigusa vidole vya mguu mwingine. Humsikiliza akijibu swali, humtazama kama amekula. Anayeyumba kwenye mstari ule, awe bingwa wa mbio wa mkoa au mtoto wa mkubwa, ubongo wake umeanza kuvimba, na hangojewi asubuhi: hufungwa koti, hupewa mtu wa kumshika mkono na mwingine wa kubeba taa, akateremshwa usiku ule ule.